Kiboko Aliyetapika Harusi

Bella alikuwa na adabu, na adabu hiyo ilikuwa inammaliza mamake polepole.

Si ile adabu ya kawaida, ya mtoto kusalimia wakubwa na kunawa mikono kabla ya kula. Hiyo nani angeikataa? Hii ya Bella ilikuwa adabu ya mgeni. Asubuhi ungekuta kitanda kimetandikwa kabla hujajua kwamba ameamka. Akisikia kiu, aliuliza kama anaweza kuomba maji. Akipewa chapati alisema asante. Akiulizwa kama ataongeza alisema ameshiba, huku tumbo lake likinguruma kumkanusha. Alikaa ukingoni mwa sofa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Tangu shule zifungwe akaletwa Doha, hakuwa amevunja hata kikombe.

"Huyu mtoto umemlea!" watu walimwambia Nafula kanisani Mesaimeer, wakimfinya Bella mashavu. Nafula alicheka nao. Hakuwa amemlea yeye. Bella alilelewa Bungoma na nyanya yake, yule wanayemwita Kukhu, tangu Nafula alipopata kazi ya uuguzi huku akamwacha akiwa bado anatambaa. Miaka yote hiyo walionana kwenye simu. Walionana pia wakati wa likizo, ambapo Nafula alifika na masanduku, akagawa viatu na chokoleti, akaondoka tena kabla chokoleti hazijaisha. Sasa alikuwa amepata nyumba ya kutosha pale mtaa wa Najma, karatasi za familia zimekubaliwa, na mtoto ameletwa. Ameletwa, akawa mpangaji.

Walikuwa wamekubaliana na Kukhu hivi: mtoto akizoea, abaki aanze shule, asipozoea, arudishwe asiteseke. Na Ann, jirani wa mlango wa pili, ambaye ni rafiki wa kweli lakini mdomo wake hauna breki, alikuwa anakwenda likizo Kenya wiki iliyofuata. Kiti cha pembeni yake kwenye ndege kilikuwa bado wazi. Alitaka jibu Ijumaa jioni ili akate tiketi ya mtoto.

"Si tumuulize mwenyewe?" Ronny, babake Bella, ambaye naye alifanya kazi Doha, alishauri. Wakamuuliza. Bella akafikiri kidogo, akasema kwa sauti safi ya kusomea risala, "Vile mtaona ni sawa, Mama, hata mimi nitaona ni sawa." Nafula akaenda bafuni, akafungua bomba, akalia.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kidogo, na mzazi aliyekata tamaa hushikilia hata uzi. Ronny alikuwa amemletea mtoto kitabu cha picha kilichochorwa na Gerishon Mutai. Vitabu vya Gerishon havina neno hata moja ndani. Ni picha tu, kutoka jalada hadi jalada, na hadithi inakwenda yenyewe. Bella alikipitia ukurasa kwa ukurasa, akakifunga, akakirudisha kwa mikono miwili. "Asante. Ni kizuri." Basi. Ila Nafula, aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni, aliona kwamba kwenye ukurasa mmoja kidole cha Bella kilitembea juu ya picha na midomo yake ikacheza, anamsimulia mtu asiyekuwepo.

Hilo lilitosha kumtia wazimu. Kama kitabu kinachezesha midomo, je, mwenye kitabu mwenyewe?

Nafula alimfahamu Gerishon. Aliwahi kumuuguza alipovunjika mguu kwenye mpira wa Ijumaa, na hakuna nesi aliyemsahau, kwa sababu ile plasta ngumu ya mguu aliichora yote, kutoka kisigino hadi goti, hadithi ya chura aliyetaka kuwa rubani. Wauguzi wa wodi nyingine walikuwa wakipita kuuliza chura amefika wapi. Siku plasta ilipokatwa, nusu ya wodi ilinuna. Nafula akampigia simu kumwomba aje kuwaonyesha watoto picha zake.

"Watoto wangapi?" Gerishon aliuliza kwenye simu.

"Wachache tu."

"Wachache ni wangapi, Sista?"

"Wa hapa kwa jengo."

"Jengo lote? Sista, nikuambie ukweli. Mimi huwachorea watoto. Sijawahi kukaa nao. Wananiogopesha sana."

"Mtu mzima wewe!"

"Wanauliza maswali, Sista. Wanauliza na wanakungoja ujibu."

Nafula alimbembeleza, akamwahidi chapati, akamkumbusha nani alimfuta jasho akilia kwa sindano. Hapo Gerishon akasalimu amri.

Ijumaa ikafika. Asubuhi kanisani, kwa kuwa huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, mchana nyumbani, Ronny akiwa zamu kazini, na ilipofika saa kumi sebule ya Nafula ilikuwa haina pa kuweka mguu. Kulikuwa na Levis na Tiffany, watoto wa Ann, ambao ni wawili lakini kelele zao ni za shule nzima. Kulikuwa na Kevin wa ghorofa ya juu aliyekuja na baiskeli na kukataa kuiacha nje. Na kulikuwa na Shamira, binti wa dereva mmoja Mganda wa ghorofa ya chini, mkubwa kuliko wote na bosi wao asiyechaguliwa, aliyefika babake aliporudi kutoka msikitini. Wengine waliingia tu kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Ann alisimama jikoni na kikombe cha karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, tayari kutoa maoni.

Bella alikuwa amewapangia viatu vyao mlangoni, jozi kwa jozi.

Gerishon aliingia akijifuta jasho, jitu refu lenye kofia ya rangi tatu na masharubu manene yaliyosokotwa ncha, ambayo ungejua mara moja kwamba hupakwa mafuta na kupendwa. Begani alibeba robota la kitambaa. Watoto walipomwona wakanyamaza ghafla, naye akanyamaza, wakatazamana hivyo kwa muda, na haikujulikana nani anamwogopa nani.

"Anko," Tiffany aliuliza, "hayo masharubu unalala nayo?"

Gerishon akamgeukia Nafula kwa macho ya kuomba msaada. Ndipo alipoeleza, kwa kunong'ona, utaratibu wake wa kazi. Hasimulii. Hajawahi kusimulia picha zake na hatasimulia. Picha inasomwa na mwenye macho. Mchoraji akifungua mdomo tu ameiharibu. Shida ni kwamba yeye mdomo wake ni mwepesi, akiona mtu anakosea kidogo hujikuta anaeleza. Kwa hiyo siku za kuonyesha kazi hujifunga mdomo. "Una tepu ya hospitali, Sista?"

Nafula alikuwa nayo. Nesi gani hana tepu nyumbani? Akamletea ile ya nguvu, ile ya kushikilia mirija isitoke hata mgonjwa akipigana. Gerishon akakata kipande kirefu akajibandika, shavu hadi shavu, masharubu yakiwa ndani. Watoto wakapiga makofi kwa furaha isiyo na kifani. Mtu mzima aliyejiziba mdomo mwenyewe! Hawakuwahi kuonyeshwa heshima kama hiyo.

Kisha akakunjua kitambaa. Kilikuwa cheupe, kile cha kushonea kanzu, alichokinunua kwa mafundi wa hapo mtaani, na kilikuwa kirefu ajabu. Nafula alikwisha kutundika kamba ukutani, mwanzo wa sebule hadi mwisho, na wakakibana kwa vibanio vya nguo. Picha zikatokea moja baada ya nyingine, kubwa, zenye rangi za kuchangamsha macho, na ndani ya kila moja alikuwepo kiboko.

Hadithi aliyoichora Gerishon ilikuwa hivi. Kuna harusi, sahani zimejaa, ngoma inapigwa. Kiboko mwembamba ananusa pilau, anakuja, anaonja. Anameza sufuria. Anameza ngoma, anameza keki, anameza viti, anameza bwana harusi na bibi harusi pamoja na shela lake, na mwisho anabaki peke yake uwanjani, tumbo mlima, analia kwa maumivu. Ilikuwa hadithi ya kuwaonya watoto kuhusu ulafi. Gerishon aliihangaikia wiki nzima.

Sasa tazama kilichotokea. Shamira anasoma shule ya Kiarabu. Vitabu vyake vya hadithi, madaftari yake, msahafu wake wa madrasa, vyote huanzia kulia. Akajipanga mbele ya kitambaa, akawaamuru wenzake wakae, akaenda moja kwa moja mwisho wa kulia, kwenye kiboko mnene anayelia peke yake, akanyoosha kidole.

"Siku hiyo," alitangaza, "kulikuwa na kiboko tumbo linamuuma. Analia, analia. Hana rafiki, hana mama, hana chochote."

"Woi," akasema Tiffany.

Gerishon akashtuka. "Mmm!" akafanya, akionyesha upande wa pili.

"Anko anasema kiboko alilia hivyo: mmm!" Shamira akaeleza. Watoto wote wakalia kama kiboko. Akasogea picha ya pili, kushoto kwake. "Halafu kiboko akafungua mdomo hivi... akatapika bibi harusi!"

Sebule ililipuka. Levis alianguka chali akarusha miguu. Kevin alipiga kengele ya baiskeli. Bibi harusi, kweli kabisa, alikuwa hapo kwenye meno ya kiboko, nusu ndani nusu nje, shela linapepea, na ukitazama kutoka upande ule, bila shaka yoyote alikuwa anatoka.

"Mmm-mmm-MMM!" Gerishon alirukaruka, mikono ikipiga hewa. Alishika ncha ya tepu kuivuta, masharubu yakavutika nayo, machozi yakamtoka, akaachilia. Watoto walidhani ndiyo mchezo wenyewe. Kila akiruka, nao wakaruka.

"Na bwana harusi akafuata!" Shamira alipaza sauti. "Yalla, toka! Na viti! Vyote vikavu!"

Ann alikuwa anacheka amejishika mbavu, karak inamwagika. Nafula naye alikuwa anacheka, lakini jicho moja lilikuwa kwa Bella. Bella alikuwa amekaa mahali pake, magoti pamoja. Alikuwa ameinua mkono, wima, kama darasani.

"Samahani," Bella alisema.

Hakuna aliyemsikia. Keki ilikuwa inatapikwa.

"Samahani, Shamira. Nafikiri mmeanza mwisho."

Hakuna. Mkono ukateremka. Nafula akahisi moyo unateremka nao, na akatamani kuingilia, awanyamazishe wote, aseme mpisheni Bella aseme. Kidogo aseme hivyo. Lakini akaona vidole vya Bella vimeshika ukingo wa sofa na vinaukamua, midomo imeanza kucheza, kichwa kinatikisika hapana, hapana, hapana, na kabla Nafula hajafungua mdomo mtoto alikuwa amesimama juu ya sofa, na soksi zake za kanisani, anapiga kelele za kupasua kioo.

"ANAMEZA! HATAPIKI, ANAMEZA! Nyinyi wote hamjui kusoma!"

Wote wakamgeukia. Hata Gerishon alisimama mguu mmoja hewani.

"Ni kutapika," Shamira akasema, akiweka mikono kiunoni. "Tazama."

"Tazama wewe!" Bella alishuka sofani akapita katikati ya watoto akikanyaga vidole vya watu, akafika upande wa kushoto. "Hapa ndiyo mwanzo. Kila mtu anajua. Kulikuwa na harusi ya kina Wekesa, na kiboko hakuitwa. Akanusa pilau. Nnnnf! Akasema, mimi nitakula kidogo tu, kijiko kimoja, mama mkwe hataona." Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imeshuka, ina mikwaruzo, ina mapozi, na mkono mmoja ulikuwa unapiga paja kila mwisho wa sentensi. Ilikuwa Kukhu mtupu. "Akameza sufuria. Kolop! Sufuria ikauliza, kwani huku ndani ni giza hivi?"

Levis na Tiffany wakahama upande wake papo hapo. Kevin akafuata na baiskeli. Shamira hakukubali kuachwa; akaendelea kutoka kulia, kwa sauti kubwa zaidi, na Bella akaendelea kutoka kushoto, mmoja anajaza kiboko, mwingine anamtoa, watoto wanakimbia huku na huku wasipitwe na kitu. Wasomaji wawili wakasogeleana, picha kwa picha, mpaka wakagongana mabega katikati, mbele ya picha ya ngoma. Ngoma ilikuwa imekwama mdomoni mwa kiboko, nusu na nusu.

"Inaingia," alisema Bella.

"Inatoka," alisema Shamira.

"Inaingia!"

"Inatoka, wallahi!"

"Tumuulize Anko!"

Watoto wote wakamgeukia mchoraji. Walimuuliza na wakangoja ajibu, jambo lile lile aliloliogopa maisha yake yote. Gerishon akasogelea picha yake. Akaiinamia. Akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto, akarudi nyuma hatua chache, akavua kofia. Kisha akageuka, akainua mabega na mikono. Hakujua.

Kelele zilizofuata zilimleta mama wa Kevin kutoka juu akidhani kuna moto.

Nafula alimkalisha Gerishon jikoni, akachukua mafuta ya kupikia, akamlainisha ile tepu polepole kama afanyavyo wodini, akiomboleza naye unywele kwa unywele. Mdomo ulipofunguka Gerishon alivuta pumzi ndefu. Nafula alidhani atalalamika.

"Sista," alisema, macho yakimeta, "huyo kiboko anayetapika ni mzuri kuliko wangu! Anaanza peke yake na anamaliza na harusi! Na huyo binti mwingine, yule wa 'sufuria ikauliza'... ni wa nani huyo?"

"Ni wangu," alisema Nafula, na neno hilo likamshangaza.

Basi Gerishon, ambaye uoga ulikuwa umemtoka pamoja na nusu ya masharubu, akarudi sebuleni, akatoa rangi na brashi kwenye mkoba, akawaambia watoto kwamba kitambaa kimebaki na nafasi kila pembe na hadithi bado haijaisha upande wowote. Wachore. Nafula akatandaza magazeti sakafuni na kumwomba Mungu. Levis akachora polisi. Tiffany akachora duara, akakataa kusema ni nini. Kevin akachora baiskeli, iliyomezwa au iliyotapikwa, hiyo haikumhusu. Shamira na Bella walikuwa wamepatana, kwa maana ya kwamba sasa waligombana na wengine, na walikuwa wamepiga magoti mwisho wa kushoto, vichwa vimegusana, wanachora kiboko wa pili.

Nafula alikuwa jikoni na Ann wanakunja chapati, wanamcheka Gerishon aliyekuwa analishwa rangi ya kijani na Tiffany.

"Sasa, Mama Bella," Ann alisema, akishusha sauti, "ile tiketi. Nikate ama nisikate? Kiti kinaweza kwenda."

"Leo amechangamka," Nafula alisema.

"Amechangamka na watoto. Lakini na wewe?"

Swali lilikuwa la haki, na ndiyo maana lilimchoma. Ann hakuwa na ubaya. Nafula akaweka chapati chini, akatoka kwenda kumtazama mtoto wake kabla ya kujibu.

Akaona ukuta.

Ronny alikuwa ameupaka ukuta ule rangi nyeupe kwa mikono yake, siku zake zote za mapumziko, kwa ajili ya mtoto. Na sasa, kuanzia pale kitambaa kilipoishia, mkia wa buluu ulikuwa umetoka kwenye kiboko wa pili, umeingia ukutani, umepanda juu, umepiga kona, umeteremka nyuma ya televisheni, umetokea upande mwingine, na Bella alikuwa juu ya kiti cha kulia, brashi mkononi, ulimi nje, anauzungusha kwenye swichi ya taa.

"BELLA!"

Sauti ile ilimtoka bila kubisha hodi. Vibanio viwili vya nguo vilianguka. "Wewe mtoto una kichaa? Nani amekutuma kwa ukuta? Shuka hapo! Shuka sasa hivi kabla sijakuja huko! Baba yako amepaka huo ukuta mgongo ukimuuma, na wewe unaleta mikia!"

Watoto wote waliganda. Gerishon akajificha nyuma ya kofia. Nafula mwenyewe alisimama mkono juu ya mdomo, akielewa alichofanya. Hakuwa amewahi kumpazia sauti. Sasa mtoto atasema samahani, Mama. Atashuka polepole, ataenda chumbani, atakunja nguo zake vizuri, ataziweka kwenye begi. Nafula aliliona begi kabisa.

Bella alishuka kwenye kiti. Uso ulikuwa umemwiva. Mdomo wa chini ulianza kucheza, akavuta hewa yote iliyokuwa sebuleni, akapiga mguu chini.

"Sasa ningefanya nini na kitambaa kimeisha? Mkia wake ni mrefu!"

Nafula akautazama mkia. "Kiboko gani ana mkia mrefu?"

"Huyu!"

"Hakuna kiboko wa mkia mrefu!"

"Wewe umemwona wapi? Wewe huwa kazini tu!"

"Woi!" Ann aliita kutoka jikoni. "Mtoto anamjibu mamake hivyo?"

Anamjibu. Anamjibu! Nafula alihisi kitu kinampanda kutoka tumboni hadi kichwani, kizunguzungu kitamu ambacho hakuwahi kukijua, hata siku ya harusi yake. Wiki zote zile alimtilia mtoto chakula kwenye sahani za wageni. Alimuuliza utapenda hiki, utapenda kile. Hakumwambia hapana hata mara moja, kwa kuogopa, na mtoto naye hakusema hapana hata mara moja, kwa kuogopa. Kumbe nyumba ilikuwa na wageni wawili, kila mmoja anamkaribisha mwenzake, na hakuna wa kumwambia mwingine anyamaze. Alitaka kupiga vigelegele. Ilibidi akunje uso kwa nguvu zote ili furaha isimharibie hasira.

"Chukua ndoo," alisema. "Chukua ndoo, sabuni na kitambaa kikuukuu. Utausugua huo ukuta wote."

"Wote?"

"Wote! Na nyuma ya televisheni!"

Bella alienda akiburuta miguu, akigonga kila kiti njiani kwa makusudi, akinung'unika maneno ambayo Nafula alichagua kutoyasikia. Ndoo ikabamizwa sakafuni, maji yakaruka. Wenzake wakaanza kutafuta viatu vyao, kwa sababu mtoto yeyote anajua wakati wa kuondoka kwenye nyumba ya mtu. Gerishon alijaribu kusema kwamba, kwa mtazamo wa kisanaa, mkia ule ulikuwa na mstari mzuri sana. Nafula alimtazama tu. Gerishon akaenda kutafuta viatu vyake pia.

Mlangoni Ann alichelewa, Tiffany wa kijani begani. "Sasa, tiketi?"

"Tiketi gani?" Nafula alisema kwa sauti kubwa, ili isikike hadi ukutani. "Aende wapi na ukuta uko hivyo? Huyu hatoki hapa mpaka uishe."

Sauti ya kusugua ilisimama. "Na ukiisha?" Bella aliuliza bila kugeuka.

"Ukiisha kuna vyombo," alisema Nafula.

"Na vyombo vikiisha?"

"Kuna shule."

Ann alifunga mlango taratibu kwa nje. Sebuleni palibaki buluu, ambayo kwa kusuguliwa ilikuwa imesambaa mara mbili ya ilivyokuwa, na mtoto aliyelowa mpaka viwiko. Bella alitazama ukuta, akatazama ndoo, akatoa pumzi ndefu ya mama wa watoto saba.

"Ai, hii nyumba ina kazi!" alisema, akamtupia mamake kitambaa kilicholowa, kikampiga kifuani. "Basi njoo unisaidie! Kwani wewe huna mikono?"

Nafula akakunja mikono ya gauni lake la kanisani, akapiga magoti pembeni yake, wakasugua.